Ngazi Saba za Ardis Vogel

Mji wetu wa Elgrove, Iowa, una nyumba moja iliyo bora kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa ndani yake. Huo si uchokozi wangu. Ndivyo zinavyosema kanuni za Kamati ya Urithi, ila zenyewe zimetumia kurasa arobaini kulisema. Nyumba iko kwenye kona ya Mtaa wa Tatu. Ilijengwa mwaka 1889 na tajiri mmoja aliyetengeneza vifungo vya shati kwa magamba ya kome wa mtoni, na ina kila kitu ambacho binadamu hakihitaji: mnara usio na kazi, kuta za rangi tano, baraza la mbele lililojaa nakshi za mbao, na ngazi saba za kupandia hilo baraza. Ardis Vogel na mumewe Verlyn wameishi humo miaka thelathini na minane. Mwezi wa kumi Verlyn alipata kiharusi, na tangu siku hiyo hawezi kupanda hata ngazi moja. Kamati haikuona kwamba hilo ni kosa la ngazi.

"Mzee anaendelea vizuri sana, Bi. Vogel," alisema Krista, ofisa ustawi wa jamii wa kituo cha mazoezi ya tiba alikolazwa Verlyn. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, mwenye sauti ya kubembelezea watoto. "Vizuri mno. Kwa hiyo bima ya serikali wamesema sasa basi, hawalipi tena."

"Kwa sababu amepona?"

"Kwa sababu hatapona zaidi ya hapa."

Ardis alimtazama mumewe. Verlyn alikuwa amefanya kazi miaka arobaini kwenye maghala ya mahindi, mtu wa mabega, na sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu na blanketi magotini, mkono wa kulia umelala pajani bila habari. Kiharusi kilimwachia maneno machache. Lilikuwepo "nyumbani," lilikuwepo "Ardis," na lilikuwepo "upuuzi," neno ambalo zamani hakulitumia kabisa, maana alikuwa mtu wa kanisani, lakini sasa lilimtoka safi kuliko mengine yote.

"Nyumbani," alisema Verlyn.

"Ndiyo, mpenzi, tumekusikia," Krista alimjibu akimpigapiga begani, kisha akamgeukia Ardis. "Sheria yetu ni hii, Bi. Vogel. Simruhusu mtu wa kiti arudi kwenye nyumba asiyoweza kuingia wala kutoka. Moto ukiwaka je? Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi nitakuja kwako. Nikikuta mteremko wa kupitishia kiti, natia saini, mzee ni wako. Nisipoukuta, kitanda chake kipo tayari kule upande wa wakazi wa kudumu."

Upande wa wakazi ulikuwa mwisho wa korido, nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa namba ya siri. Huko walikuwa na kalenda kubwa ukutani na ndege wawili ndani ya tundu, ili watu wachangamke. Ardis aliwahi kuwatembelea watu sita huko ndani, na wote sita alihudhuria mazishi yao.

"Mteremko ni mbao tu," alisema. "Nitaongea na kamati."

Alilisema hilo bila wasiwasi wowote, kwa kuwa kamati aliianzisha yeye.

*

Kamati ilikutana Jumanne katika maktaba ya mji, kwenye chumba cha watoto, kwa sababu chumba cha wakubwa kilikuwa na darasa la kufuma. Wajumbe watano walikaa kwenye viti vifupi, magoti yakiwafikia kidevuni, sahani ya biskuti katikati. Marcia Tollefson, mke wa daktari wa meno, ndiye mwenyekiti siku hizi.

"Ardis, hakuna mtu mjini humu anayempenda Verlyn kuliko mimi," alianza. "Ukiondoa wewe, bila shaka."

"Asante, Marcia."

"Lile bakuli langu la viazi na jibini lilikufikia?"

"Lilinifikia. Vilikuwa vizuri sana."

"Nilizidisha krimu kidogo." Marcia alivaa miwani. "Sasa, hili ombi lako. Ni la kuvutia."

Kwetu Elgrove, ukiambiwa jambo lako ni la kuvutia, chukua koti lako uende zako. Ardis alilijua hilo vizuri, kwa kuwa alikuwa amewaambia watu hivyo kwa miaka kumi na minne akiwa kwenye kile kile kiti cha Marcia. Hata hivyo alibaki amekaa.

"Kanuni ya kumi na nne," Marcia alisoma. "'Uso wa nyumba unaoonekana kutoka barabarani hautaongezewa kitu chochote cha mbao, chuma au saruji ambacho hakikuwepo wakati wa ujenzi.' Imeandikwa vizuri, lazima tukubali."

"Niliiandika mimi."

"Ndiyo maana ni nzuri."

Aliiandika miaka kumi na moja iliyopita, wiki ile ile ambayo Wendell Ihde, seremala anayekaa ng'ambo ya barabara, aliomba kibali cha mteremko kwa ajili ya mama yake, Leona. Nyumba ya Wendell ni ndogo na haina mnara, lakini nayo iko ndani ya mtaa unaolindwa. Wendell, maskini, alidhani kibali ni jambo la kupiga mhuri tu, akautengeneza mteremko kabla ya kikao. Ardis alimpelekea Leona keki ya tufaha na barua ya kukataliwa kwa mkono mmoja, keki juu, barua chini. Leona akaenda upande wa wakazi. Alikuwa mmoja wa wale sita.

"Nyuma ya nyumba kanuni haikatazi," alisema mjumbe mmoja kwa moyo mwema.

"Nyuma kuna bonde la kijito," Ardis alijibu. "Mteremko wa huko itabidi uanzie shambani kwa jirani."

"Basi mngeongea na jirani."

"Hilo nalo la kuvutia," Marcia alisema, akapigisha kura.

Mikono mitano ilipanda kulikataa ombi. Marcia aliupandisha wa kwake huku akifuta machozi kwa ule mwingine, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo nampa haki yake. Ardis angeweza kuwaita mafundi wakajenga hivyo hivyo bila kibali. Faini yake ni dola mia mbili hamsini kwa siku, kiwango ambacho pia alikipendekeza mwenyewe, baada ya wengine kusema mia ingetosha.

Alikuwa ameshavaa koti kikao kilipoingia kwenye ajenda ya pili, Matembezi ya Krismasi. Kila mwezi wa kumi na mbili watu wa miji mikubwa ya Des Moines na Cedar Rapids hulipa dola kumi na nane kuja kutazama jinsi matajiri wetu waliokufa walivyokuwa wakila chakula cha jioni. Mwaka huu jimbo lilitoa msaada wa fedha, lakini kwa sharti kwamba angalau nyumba moja iingilike kwa kiti cha magurudumu. Kamati ilikuwa imeshaichagua nyumba. Wendell Ihde alikuwa na mteremko wake bandani, mpya kabisa, na amekubali kuukodisha kwa siku mbili kwa dola sitini. Ungewekwa Jumamosi asubuhi na kuondolewa Jumapili saa kumi na moja jioni.

"Ngoja kidogo," Ardis alisema. "Mnauweka wapi?"

"Kwenye baraza lako la mbele," alijibu Marcia. "Matembezi bila nyumba yako si matembezi."

"Baraza lile lile?"

"Siku mbili tu, Ardis. Ni kwa ajili ya wageni."

"Kwa hiyo mgeni wa kiti kutoka Des Moines anaingia kwangu, na mume wangu haingii."

"Mgeni anaondoka," Marcia alisema kwa upole. "Tofauti ni hiyo."

Ilihitajika saini ya mwenye nyumba. Ardis aliitia, akachukua biskuti mbili za kumpelekea Verlyn, akatoka nje.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi Wendell alisimamisha pikapu yake mbele ya nyumba. Ni mtu wa miaka sitini na mitano, mrefu, mwenye ndevu za kijivu, na kutoka kwake hadi kwa Ardis ni hatua thelathini, lakini mbao ni mbao. Ardis alikuwa ameshasimama barazani.

"Bi. Vogel," alisalimia Wendell. Zamani alikuwa akimwita Ardis.

"Wendell. Baridi leo."

"Tumeona kali zaidi."

"Mbao bado nzuri."

"Hazikutumika."

Wendell aliupanga mteremko vipande vitatu, kutoka njia ya matofali hadi juu ya baraza, akaupitia kwa fagio, akaondoka. Ardis aliupiga picha kwa simu akamtumia Krista. Krista alijibu kwa mioyo minne na maneno haya: "Safi sana! Nitaukuta hapo hapo Jumatatu saa tatu, si ndiyo?" Ardis aliirudisha simu mfukoni. Alikuwa mwanamke asiyesema uongo, na hakujua lipi la kujibu ambalo halingekuwa uongo.

Saa tano gari la kituo lilimleta Verlyn kwa ruhusa ya mwisho wa wiki. Mlangoni, nyuma ya kimeza cha tiketi, alikaa Marcia ndani ya gauni la karne ya kumi na tisa, kofia ya manyoya kichwani, amebanwa kiunoni hadi uso umeiva.

"Verlyn! Umependeza! Una tiketi?"

"Marcia," alisema Ardis, "huyu ni Verlyn."

"Namjua Verlyn, jamani. Lakini leo nyumba iko kwenye matembezi, na watu wanahesabu vichwa. Nikimwachia mmoja nitawaambia nini wengine?"

Nyuma yao foleni ilikuwa imefika kwenye njia ya matofali, na watu wa Cedar Rapids walianza kunyoosha shingo. Ardis alifungua mkoba.

"Wazee ni kumi na tano," Marcia aliongeza kwa ukarimu.

Kisha akainama, jambo ambalo kwa gauni lile halikuwa dogo, akamvalisha Verlyn soksi za karatasi juu ya viatu ili asichafue sakafu. Viatu vya Verlyn havikuwa vinagusa chini. Magurudumu hayakuvalishwa kitu kwa sababu kanuni haikuyataja.

Ardis alisukuma. Kiti kilipanda, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, kikapita juu ya ngazi zote saba, kikavuka kizingiti. Verlyn alivuta harufu ya mbao za kale na supu ya jana, uso wake ukakunjamana, akalia kama mtoto mbele ya watu kumi na wanne asiowajua.

"Nyumbani," alisema.

Ardis naye alilia. Wiki tisa alikuwa ameijibu hiyo kauli kwa "bado."

"Msisimame mlangoni, tafadhali," alisema Marcia. "Kuna kundi nyuma."

Sebuleni kiti cha Verlyn cha kupumzikia kilikuwa kimezungushiwa kamba nyekundu. "Na hiki ni kiti ambacho tajiri mwenyewe alikuwa akikalia baada ya kazi," Marcia aliwaeleza wageni. Verlyn alikinunua kwenye mnada wa shamba mwaka 1994, dola ishirini na mbili, pamoja na ndoo ya misumari.

"Upuuzi," alisema Verlyn, safi kabisa.

Wageni waliangua kicheko. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mama mmoja mwenye sweta yenye picha ya paa wa Krismasi aliomba kupiga naye picha, akaweka shavu lake karibu na la Verlyn, na akamshukuru kwa kuiweka historia hai. Nani anakaa humu siku hizi, aliuliza. "Kuna familia moja inaitunza," Marcia alijibu.

Kwa hiyo Verlyn aliingia kwake kama mgeni aliyelipa, na usiku akalala kwenye chumba cha kulia, katika kitanda cha kuazima. Jumapili Marcia alipofika aliomba kitanda kifunikwe shuka jeupe kwa kuwa hakikuwa cha zama zile. Kilifunikwa.

*

Jumapili saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshashika. Mgeni wa mwisho aliondoka na mshumaa wa ukumbusho, na Marcia alikuwa akikunja meza ya tiketi.

"Gari la kituo linamfuata Verlyn saa ngapi?" aliuliza. "Wendell anakuja kuondoa mbao zake sasa hivi."

"Sijaliita," alisema Ardis.

Marcia alimtazama, akatazama chumba cha kulia, akamtazama tena. Kisha akavaa koti lake la kawaida juu ya gauni la zamani, akasema itakuwa wiki ya kuvutia, akaenda zake.

Taa za pikapu ziliingia uani. Wendell alishuka, akavaa glavu.

"Umekuja mapema," Ardis alisema kutoka barazani.

"Tuliandikiana saa kumi na moja."

"Wanasema theluji inakuja. Itakuwa kazi kupakia mbao gizani."

"Nina taa."

"Na bandani kwako pamejaa, najua ulivyo na vitu."

"Nafasi yake ipo. Imekuwepo miaka kumi na moja."

Watu wa huku hawaombi. Mtu analizunguka jambo na kulizunguka tena hadi mwenzake alitoe mwenyewe, kana kwamba lilikuwa wazo lake tangu asubuhi, na hapo hakuna aliyejishusha. Wendell amezaliwa hapa hapa. Alijua Ardis anazunguka nini, na alimwacha azunguke. Alipiga goti kwenye kipande cha chini, akakishika kwa mikono miwili, akaanza kukiinua.

"Usiutoe," alisema Ardis. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nakuomba, Wendell. Wanakuja kuukagua kesho saa tatu. Wasipoukuta wanampeleka kule walikompeleka mama yako."

Wendell alikirudisha kipande chini lakini hakusimama.

"Mama aliniuliza kila Jumapili atarudi nyumbani lini," alisema. "Nikawa namwambia kamati bado inakutana. Miezi kumi na minne, nilimwambia hivyo. Alikuwa anakuombea, unajua? Alidhani wewe ndiye unayempigania. Eti Ardis ana roho nzuri, alileta keki."

Ardis alishika nguzo ya baraza. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza maishani hakutafuta neno zuri la kuifunika.

"Nilikosea," alisema. "Na sikukosea kwa kutojua. Nilijua anakwenda wapi. Nilitaka mtaa upendeze."

Kupitia dirishani alionekana Verlyn, ameegesha kiti chake kando ya kamba nyekundu ambayo hakuna aliyekumbuka kuifungua. Hatimaye Wendell alinyanyuka, akaenda nyuma ya pikapu, na Ardis akaamini kwamba amefuata kamba za kufungia mzigo. Alirudi na drili na boksi la skrubu.

"Ukikaa hivi unacheza," alisema. "Huyo mkaguzi akiukanyaga ukatikisika, atakataa. Lazima ushikane na baraza."

"Baraza ni la mwaka 1889."

"Najua ni la mwaka gani."

Alisubiri, drili mkononi. Ardis alizitazama mbao za baraza lake. Alizipiga msasa kwa mkono, akiwa amepiga magoti, majira matatu ya joto, na hakuna msumari wa kisasa uliowahi kuzigusa.

"Faini inaanza kesho," Wendell alisema. "Mia mbili hamsini kila siku."

"Nafahamu. Wenzangu walitaka mia."

"Mtalipa na nini?"

"Tutauza nyumba. Nasikia ina mnara mzuri."

Wendell hakucheka. Alimpa taa. "Shika hapa."

Skrubu ya kwanza iliingia kwa kelele, na ubao ukapasuka ufa mrefu kama kidole. Ardis alifumba macho. Alipoyafumbua alisogea hatua moja akaielekeza taa upande wa pili.

"Na hapa," alisema. "Weka ile ndefu."

Ziliingia kumi na mbili. Wendell aliupanda mteremko, akaruka juu yake mara mbili kwa uzito wake wote, na haukutikisika. Akaanza kukusanya vifaa.

"Nikulipe nini?" Ardis aliuliza.

"Hakuna. Verlyn hajawahi kuninyima kitu. Siku ile tunamtoa mama, ni yeye aliyevuka barabara akambeba mikononi kushuka ngazi. Hakunijia na maneno. Alimbeba tu."

Ardis hakuwa na habari. Mumewe hakuwahi kumwambia.

"Ingia basi unywe kahawa," alisema. "Iko tayari."

"Hapana, asante."

"Kikombe kimoja tu. Mikono imekuganda."

"Sitaki kukusumbua."

Hapana hizo mbili ni za adabu, kila mtu huku hukataa mara mbili. Karibu ya tatu ndiyo ya kweli, na katika umri wake wote Ardis hakuwahi kumwona mtu wa Elgrove akiikataa ya tatu.

"Wendell," alisema. "Karibu ndani."

"Hapana," alisema Wendell. Alichukua taa yake mkononi mwa Ardis, akaingia kwenye pikapu, akavuka barabara kwenda kwake.